Tuitazame na Mtafsiri au Bila Mtafsiri?

MWALIMU: Nianze na jambo ambalo najua litaniletea maneno. Mtu aliyetazama picha yenye mtafsiri hajaitazama picha ile. Ameangalia watu wakitembea huku akisikiliza redio. Muigizaji kapangiwa kila neno, hadi kunyamaza kwake kuna maana. Halafu anatokea mtu na kipaza sauti, anamfunika mwanzo hadi mwisho, yeye na muziki na kule kunyamaza. Sisi tunatoka pale tunatoa hukumu: picha kali, picha mbovu. Tumeipata wapi hukumu hiyo?

MWENYE KIBANDA: Kwenye benchi langu. Mwalimu, mimi nilianza kuonyesha video wakati deki ilikuwa moja mtaa mzima. Huku Bara hapakuwa na televisheni hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, sisi tulikuwa na redio na mkanda. Na mkanda wenyewe ulipanda basi Dar, basi likasubiri kivuko pale Ndundu, na masika ikikaza halifiki kabisa. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003. Kabla ya hapo picha ilikuwa inafika Mtwara imeshachakaa, ina mistari juu na chini. Sasa mteja kalipa, kakaa, skrini inamwaga Kiingereza. Huko kunyamaza unakokusifu, kwake yeye picha nzima imenyamaza.

MVUVI: Si zote, njomba. Commando ya Arnold, ile ya 1985, haihitaji mtafsiri. Binti kachukuliwa, baba anamfuata, kila anayesimama njiani anakufa. Pale mtafsiri anakula hela ya bure, tena ananipigia kelele hadi bunduki haisikiki. Lakini Titanic? Bila mtafsiri, Titanic ni saa tatu za Wazungu wanakula na kubadilisha nguo, halafu meli inazama.

MWALIMU: Umekubali mwenyewe kwamba anaziba sauti.

MVUVI: Ya bunduki, ndiyo. Ngoja nikueleze ya Titanic, maana mimi ni mtu wa maji. Nimezaliwa Msimbati, navua ghuba ya Mnazi hadi karibu na mdomo wa Ruvuma. Mara ya kwanza niliiona bila mtafsiri. Yule Jack anampandisha Rose juu ya ubao, yeye anabaki majini kashika ukingo, punde tu kafa. Nikajiuliza, kafa na nini? Hakupigwa, hajanywa maji, papa hakuna, na kitu cha kushika anacho. Mimi nimeshalala majini nimekumbatia mtumbwi uliopinduka, asubuhi wenzangu wakanitoa, nikanywa uji, nikaenda kutafuta nyavu. Nikasema mtunzi kachoka, kaamua kumuua steringi tu. Nilipoiona na mtafsiri ndiyo akasema: jamani, maji haya ni barafu, mtu hamalizi robo saa. Hapo nikaelewa. Kwetu maji yana uvuguvugu mwaka mzima. Baridi ya kuua mtu ningeijulia wapi?

MWALIMU: Kwenye picha yenyewe. Mapema kabisa, Rose anapotaka kujitupa kutoka nyuma ya meli, Jack anamsimulia jinsi alivyowahi kutumbukia ziwani, barafu ikamkatikia miguuni, na jinsi yale maji yalivyomfanya. James Cameron kayaweka maneno yale pale makusudi, yaje kufanya kazi mwishoni.

MVUVI: Kayaweka kwa Kiingereza.

MWALIMU: Na mtafsiri wako alipofika hapo alisema nini?

MVUVI: Alisema jamaa anambembeleza.

MWALIMU: Basi! Mtu kaeleza kifo chake kabla hakijafika, nyinyi mmeambiwa anatongoza.

MWENYE KIBANDA: Si alikuwa anafanya yote mawili?

MWALIMU: Mzee wangu, usinichekeshe, nataka kumaliza. Mkanda huohuo niliuona nyumbani kwa shangazi. Mtafsiri akasema mama yake Rose keshapokea mahari, ndiyo maana anamlazimisha binti. Hakuna mahari katika Titanic. Kuna madeni aliyoyaacha marehemu baba, na mama anayeogopa kushona nguo za watu ili ale. Ni habari ya tabaka la watu walioishiwa huku bado wamevaa glavu. Mtafsiri kaifuta, kaweka ya kwetu.

MVUVI: Binti anatolewa kwa tajiri ili mama asife njaa. Madeni, mahari, mbona njia ni ileile?

MWALIMU: Si ileile. Mahari analipa muoaji na ukoo unajua. Deni linafichwa. Mama yule anafanya siri, na hofu yake yote iko kwenye hiyo siri.

MVUVI: Hapo sawa. Hapo kanidanganya.

MWENYE KIBANDA: Kakudanganya kidogo kwenye mama, kakwambia kweli kwenye maji. Unaona kilivyo chombo hiki? Marehemu Lufufu, Derek Mukandala mwenyewe, alianza kwa kusimama ukumbini na kipaza sauti, watu wakiwa mbele yake. Baadaye ndipo sauti ikaingizwa kwenye kanda zikasambaa nchi nzima. Mtu wa aina hiyo anausoma ukumbi. Akiona wamepotea anarudi nyuma, akiona wamesinzia anawatania. Kenya wana DJ Afro, Kampala wana VJ Jingo. Nchi tatu haziwezi kuwa zimepagawa kwa pamoja.

MVUVI: Tena niulize kitu. Lipiko likiingia uwanjani, kinyago kinasema? Hakisemi. Wanaosema ni wapiga ngoma na waimbaji pembeni, wao ndio wanakwambia huyu ni nani na kaja kufanya nini. Sijasikia mtu analalamika kwamba kinyago kimezibwa mdomo.

MTENGENEZA MUVI: Lakini aliyechonga kinyago kalipwa.

MWENYE KIBANDA: Alaa, kumbe binti upo.

MTENGENEZA MUVI: Nipo, nawasikiliza mnavyoililia Titanic iliyorudisha hela yake sijaanza hata darasa la kwanza. Cameron haoni tofauti mtafsiri wenu akisema mahari au madeni. Mimi naiona. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999. Mwaka 2013 kazi za muziki na filamu zikawekewa stempu za kodi, msambazaji wa muvi ya Kibongo akawa anabandika stempu kwenye kila nakala. Pembeni yake, meza ileile, kuna diski moja ina muvi ishirini za nje, zimetafsiriwa, hazina stempu, hazina mwenyewe, na bei yake iko chini ya yangu. Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kwa jambo hilohilo. Mteja akachagua nini? Mnajua alichagua nini.

MWENYE KIBANDA: Alichagua ishirini. Lakini usimpeleke mtafsiri mahakamani peke yake. Muvi ya Kibongo nimeionyesha mimi, tena kwa mapenzi. Girlfriend ya George Tyson ilipotoka 2003 watu walijaa, kwa sababu kwa mara ya kwanza waliona vijana wa Dar wanaongea kama vijana wa Dar. Shumileta ya Mussa Banzi ilifanya watu wasindikizane kwenda nyumbani usiku. Halafu mkaanza. Gari linapiga honi getini. Geti linafunguliwa, taratibu. Gari linaingia. Mtu anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, wimbo unaimba aya zote. Dakika tano! Bado hatujui kaja kufanya nini. Na mambo yakianza kunoga, maandishi: itaendelea Part Two.

MVUVI: Hiyo Part Two ndiyo iliyonitoa mimi. Nalipa mara mbili kusikia ugomvi mmoja.

MTENGENEZA MUVI: Titanic yenyewe ilipotoka kwenye VHS, 1998, ilikuwa kanda mbili.

MVUVI: Kanda mbili, bei moja, ndani ya kasha moja. Na ya kwanza haikukatwa ili nirudi dukani.

MTENGENEZA MUVI: Msambazaji ndiye aliyetaka hivyo. Hadithi moja, nakala mbili, faida mara mbili. Mtengenezaji alikuwa anauza haki zote kwa mkupuo, anachukua chake, anaanza nyingine wiki inayofuata ili ale. Mngefanya nini nyinyi? Mnataka mtu apige picha miezi sita kwa hela ya wiki mbili?

MWALIMU: Hata kwa hela ya wiki mbili mtu anaweza kuandika hadithi. Wanaijeria walianza na nini? Living in Bondage, 1992, kamera ya video, moja kwa moja kwenye VHS, hakuna ukumbi wa sinema wala nini. Tena ilizungumzwa Kiigbo, wenzangu, si Kiingereza. Waliuza kwa lugha ya nyumbani, na maandishi ya Kiingereza chini kwa mgeni. Sisi watu wanazungumza Kiswahili saa nzima, jina la picha: Oprah, Dangerous Desire, Fake Smile. Ukitazama maandishi ya chini unataka kulia.

MTENGENEZA MUVI: Oprah msiiguse, mama yangu anaijua kwa moyo. Na hapo ndipo nataka niwaulize nyinyi wanaume wawili: kibandani kwako, mzee, mwanamke anaingia?

MWENYE KIBANDA: Hakatazwi.

MTENGENEZA MUVI: Hakatazwi, ila haingii. Amezungukwa na vijana, moshi wa sigara, na kesho mtaa mzima unajua alikuwa wapi. Mama alikuwa anamaliza kazi, majirani wanakuja sebuleni, deki inawashwa, wanatazama Kanumba na Ray na Johari hadi umeme ukatike. Ile ndiyo ilikuwa Bongo Movie. Siku Kanumba alipofariki, tarehe 7 Aprili 2012, mama hakupika. Nyinyi mkisema picha za Kibongo ni geti na wimbo, mnasema kwa macho ya mtu aliyezoea kuona watu wanapigwa risasi. Mama aliona kitu kingine. Yule mke anayefika bila taarifa, dakika zote zile za kupanda ngazi mama alikuwa anatetemeka, kwa sababu anajua anachoenda kukikuta chumbani. Wimbo ulikuwa unampa muda wa kuogopa.

MVUVI: Kanumba alikuwa analia vizuri. Hilo halina ubishi. Na King Majuto, Mungu amrehemu, hakuhitaji hata hadithi. Anatoka mlangoni tu umeshacheka.

(Hapo palifuata maneno marefu juu ya Majuto na Sharo Milionea, nani alikuwa anamchekesha nani. Nimeyaruka, hakuna aliyekuwa anabisha.)

MWALIMU: Basi mama yako ananiunga mkono. Alisikia pumzi ya muigizaji, alisikia ngazi, alisikia mlango. Mtafsiri angekuwepo angesema, "Ehee, anapanda sasa, leo kuna mtu ataruka dirishani," watu wakacheka, hofu ikaisha.

MWENYE KIBANDA: Kwangu wangecheka na kesho wakarudi.

MWALIMU: Na kama tatizo ni lugha tu, mbona dawa ipo? Ile tamthilia ya Kichina, Mao Doudou na mama wakwe zake, ilioneshwa TBC mwaka 2011 kwa Kiswahili safi. Waigizaji wa sauti, kila mhusika na sauti yake, muziki umeachwa. Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Azam nao wakaleta Sultan ya Kituruki kwa Kiswahili. Haki zimelipiwa, wasanii wa sauti wamelipwa, mtazamaji kaelewa.

MWENYE KIBANDA: Nyuma ya hiyo kuna serikali ya China, na nyuma ya ile nyingine kuna kampuni yenye viwanda vya unga. Nyuma yangu kuna jenereta. Niambie, nani ataitafsiri Commando kwa mkataba, kwa ajili ya watu wa Chikongola? Niandike barua Hollywood? Na hiyo asili unayoililia, Mwalimu, ni ipi?

MTENGENEZA MUVI: Hilo ni swali la kweli, ingawa sipendi limetoka kwake. Chukua Sholay. Ramesh Sippy alipiga mwisho ambao Thakur anamuua jambazi Gabbar kwa miguu yake. Wakaguzi wa India wakakataa mtu kujichukulia sheria, ikabidi apige mwisho mwingine, polisi wanatokea wanamzuia. Uliozunguka dunia tangu 1975 ni huo wa polisi.

MVUVI: Ahaa! Ndiyo maana. Miaka yote najiuliza wale polisi walikuwa wapi kijiji kilipovamiwa.

MWENYE KIBANDA: Na pale Amitabh anakufa, msije mkaniambia steringi hafi. Vijana walijua anakufa, wakawa wanarudi, kila mara kama vile safari hii labda ataponea.

MWALIMU: Lakini Sippy aliibadilisha mwenyewe, kwa mkono wake, hata kama kalazimishwa. Mtafsiri kamwomba nani?

MVUVI: Mimi nirudi kwenye ubao, maana mmeniacha. Watu wanasema ubao wa Rose ungewabeba wawili. Wenye simu wanachora hadi michoro.

MTENGENEZA MUVI: Cameron mwenyewe 2023 aliweka watu kwenye maji baridi kupima.

MVUVI: Angeniuliza mimi. Nafasi ilikuwepo. Lakini kitu kinachoelea huangalii nafasi, unaangalia kinakaaje ukikilemea. Jack alijaribu kupanda, kikapinduka, picha imeonyesha wazi. Akaacha. Kwa mtu wa maji, pale ndipo alipokuwa na akili kuliko wote mle melini. Na hilo, Mwalimu, mtafsiri hakunieleza, wala Kiingereza hakikunieleza. Nimeliona. Kwa hiyo msiseme hatutazami.

MWALIMU: Sijasema hamtazami. Nasema mngetazama zaidi.

MVUVI: Na kingine cha kumwambia binti. Mmakonde kwenye muvi zenu ni nani? Ni mlinzi wa geti. Kofia imekaa upande, lafudhi imetiwa chumvi, anadanganywa na hausigeli. Hilo geti linalofunguliwa taratibu, anayelifungua ni mimi! Gesi ya Msimbati imewekewa bomba hadi Dar, 2015 wakazindua. Muvi inatoka Dar, inakuja na mimi ndani yake nimeshika rungu. Rambo hajawahi kunitania.

MTENGENEZA MUVI: Hapo umenipiga. Kwa hiyo nimepiga yangu. Nimeipigia Msangamkuu na sokoni hapa Mtwara. Mama anauza korosho zake kwa kangomba, kwa bei ya kutupa, kabla ya msimu, kwa sababu mtoto anaumwa. Msimu unafika, bei inapanda, mnunuzi anakuja kuzoa zote. Hakuna geti hata moja. Wamakonde wanazungumza wanavyozungumza, bila kutiwa chumvi. Naomba tu mahali pa kuionyesha.

MWENYE KIBANDA: Kangomba ni jambo la kweli. Shemeji yangu kaliwa hivyohivyo. Ina bunduki?

MTENGENEZA MUVI: Haina.

MWENYE KIBANDA: Basi nitaiwekea mtafsiri.

MTENGENEZA MUVI: Muvi ni ya Kiswahili!

MWENYE KIBANDA: Najua. Mtafsiri si wa lugha tu. Anachangamsha, anakumbusha nani ni nani, anaamsha waliolala. Ninaye kijana mmoja hapa Magomeni, ana mdomo.

MTENGENEZA MUVI: Hagusi muvi yangu.

MWALIMU: Shikilia hapohapo, mwanangu.

MWENYE KIBANDA: Mwalimu, wewe utakuja?

MWALIMU: Nije… kibandani? Jioni?

MTENGENEZA MUVI: Na mama atakuja, na majirani zake. Weka kipindi cha saa kumi alasiri, wanaume wakae upande mmoja, sigara nje. Hao hawahitaji mtu wa kuwaamsha.

MWENYE KIBANDA: Saa kumi Jumamosi ni mpira.

MTENGENEZA MUVI: Jumanne.

MWENYE KIBANDA: Jumanne nakupa. Bila mtafsiri, hasara ni yako. Kiingilio mia tano, tunagawana nusu kwa nusu baada ya kutoa mafuta ya jenereta.

MTENGENEZA MUVI: Umeme wa Mtwara ni wa gesi, mafuta ya nini?

MWENYE KIBANDA: Gesi ikipumzika.

MTENGENEZA MUVI: Nusu kwa nusu, mafuta yakitumika ndiyo tunahesabu. Na mlangoni nakaa mimi na daftari. Na nakala haibaki kwako. Nakuja na flashi, naondoka na flashi.

MWENYE KIBANDA: Unaniona mwizi?

MTENGENEZA MUVI: Nakuona una kompyuta, mzee wangu.

MVUVI: Mimi niambieni kitu kimoja kabla sijatoa mia tano. Ina Part Two?

MTENGENEZA MUVI: Haina. Dakika themanini, imekwisha.

MWENYE KIBANDA: Themanini? Kwa themanini nitatoza mia tatu.

MTENGENEZA MUVI: Mia tano. Commando yako nayo ni dakika tisini tu.

MWENYE KIBANDA: Commando ina Arnold.